Spika za gitaa: Inchi peke yake ni hasara kwa mfanyabiashara

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MFANYABIASHARA anayetoka Bujumbura kwenda Kariakoo, Dar es Salaam, kutafuta spika za gitaa anaweza kuondoka na oda yenye namba moja tu: 10, 12 au 15. Hizo ni inchi. Mteja, awe bendi ya ukumbini au kwaya ya kanisa, amepima tundu la boksi lake na kutaja ukubwa, basi.

Namba hiyo haitoshi. Spika mbili za inchi 12 zinaweza kufanana kwa sura na kuingia kwenye tundu lilelile, lakini moja ikafanya kazi miaka mingi na nyingine ikaua amplifaya. Na mzigo ukishapita Kabanga na Kobero, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,000, si rahisi kuurudisha dukani.

Suala hili ni kubwa zaidi pale mteja anapotaka kubadili ukubwa wa spika au kuchanganya: moja ya inchi 10 na moja ya inchi 12 katika boksi moja. Jambo hilo linawezekana, ila lina masharti yake.

Ukubwa unabadili nini

Kwa kawaida spika ya inchi 10 hutoa sauti kavu, iliyo wazi. Ya inchi 12 hujaza zaidi chini na katikati. Ya inchi 15 hutumika sana kwa gitaa la besi. Mpiga solo anayetaka noti zake zisikike juu ya ngoma anaweza kupenda inchi 10, na mpiga rizimu akapenda 12. Anayechanganya anatafuta vyote viwili.

Lakini hii si sheria. Amplifaya ya Fender Bassman ya mwaka 1959 ilitengenezwa kwa ajili ya gitaa la besi, nayo ilikuwa na spika nne za inchi 10. Wapiga solo ndio walioipenda zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, duka la Jim Marshall jijini London liliiga saketi yake kutengeneza JTM45, lakini likatumia spika za Celestion za inchi 12, na mlio ukawa mwingine. Mwaka 1969 Ampeg wa Marekani walitoa amplifaya ya besi ya SVT, iliyoungwa na maboksi yenye spika nane za inchi 10 kila moja. Besi nzito ilipatikana bila inchi 15.

Hivyo aina ya spika na boksi lake vina uzito sawa na inchi.

Omu kwanza

Nyuma ya sumaku huandikwa namba ya omu, yaani ukinzani: 4, 8 au 16. Nyuma ya amplifaya pia huandikwa omu inazokubali. Namba hizo mbili lazima zipatane.

Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, boksi zima huwa omu 4. Zikiungwa kwa mfululizo, huwa omu 16. Amplifaya ya transista iliyoandikwa kiwango cha chini cha omu 4 itafanya kazi vizuri na boksi la kwanza. Na boksi la pili itafanya kazi pia, ila kwa nguvu ndogo. Ukiipa omu 2, itachemka na inaweza kuungua. Amplifaya ya valvu ni nyeti zaidi: inataka omu ileile iliyoandikwa, na haifai kupigwa bila spika kuunganishwa.

Anayechanganya ukubwa ahakikishe spika zote zina omu sawa. Ukiunga sambamba ya omu 8 na ya omu 4, jumla huwa takriban omu 2.7, na ile ya omu 4 hubeba theluthi mbili za nguvu zote. Ikiwa ndiyo ile ndogo ya inchi 10, itaungua mapema.

Dukani, mita ya umeme inasaidia pale maandishi yamefutika. Spika ya omu 8 husoma takriban 6 hadi 7, kwa sababu mita hupima waya wa koili tu. Mita isiposoma kitu, koili imekatika.

Wati hazijumlishwi ovyo

Muuzaji anaweza kusema boksi lenye spika ya wati 30 na ya wati 60 linabeba wati 90. Si kweli. Zikiwa na omu sawa, hugawana nguvu nusu kwa nusu. Ile ya wati 30 hufikia kikomo boksi likipokea wati 60. Huo ndio uwezo wa boksi.

Kuna pia desibeli, zinazoonyesha spika inatoa sauti kubwa kiasi gani kwa wati moja. Spika ya desibeli 97 inahitaji nguvu maradufu ili ilingane na ya desibeli 100. Ukiziweka pamoja, yenye 100 itaimeza mwenzake, na mteja atadai amenunua moja mbovu. Celestion huipa Vintage 30 desibeli 100 na wati 60, na G12M Greenback desibeli 98 na wati 25. Zote ni za inchi 12.

Hatimaye, spika zisukume upande mmoja. Gusisha betri ya volti 1.5 kwa kitambo kifupi: chanya kwa chanya, koni itoke nje. Moja ikiingia ndani wakati nyingine inatoka, besi hupotea.

Jihadhari pia na spika za muziki wa ukumbi zinazouzwa kama za gitaa. Ya gitaa kwa kawaida haina twita, na koni yake ni nyepesi.

Boksi litengenezwe hapa

Boksi tupu hula nafasi kubwa kwenye lori. Spika zisizo na boksi hubebeka kwa wingi zaidi, na seremala wa Bujumbura anaweza kutengeneza boksi la plaiwudi. Spika ya inchi 10 huingia kwenye tundu la 12 kwa kuwekewa ubao wa duara wa kupunguza tundu. Kinyume chake ni kazi kubwa: lazima ubao wa mbele ukatwe, na nafasi kati ya spika inaweza isitoshe.

Forodhani pia kuna tofauti. Spika isiyo na boksi iko namba 8518.29, spika moja ndani ya boksi 8518.21, mbili au zaidi katika boksi moja 8518.22, na amplifaya 8518.40. Gitaa la umeme liko sura ya 92. Kuandika "vyombo vya muziki" kwa mzigo wote ni kujitafutia ukaguzi mrefu.

Cheti rahisi cha uasili cha Afrika Mashariki, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, ni cha bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Spika ya China iliyonunuliwa Kariakoo inabaki kuwa ya China.

Kabla ya kulipa

Oda ya Bujumbura iwe na mambo matano: inchi, omu, wati, desibeli na aina ya amplifaya itakayotumika. Anayeuza kwa wanaozungumza Kifaransa akumbuke kuwa "HP" kwenye oda maana yake ni spika. Sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Ikikwaruza, iache dukani. Kisha funga kila moja kwenye katoni yake, kwa kuwa sumaku ni nzito na karatasi ya koni hutoboka kirahisi njiani.