Nilitaka kupika sosi ya ng'ambo, ukwaju wa Kisauni ukanifunza adabu

Desemba iliyopita nilipata oda iliyonifanya nijione mpishi wa hoteli ya nyota tano. Dada mmoja aliyekuwa amerudi likizo kutoka Marekani, akakodi nyumba kule Shanzu, aliniandikia kwenye simu: kuku watatu wa kuoka, wali wa nazi, saladi, na sosi ya kranberi na jozi. Watu 15. Tuliafikiana shilingi 9,000, na nusu akanitumia papo hapo.

Kama hujui kranberi, usione haya, hata mimi nilikuwa naisikia kwenye filamu tu. Ni vitunda vidogo vyekundu, vikali ajabu, vinavyokua Amerika Kaskazini kwenye ardhi ya majimaji. Wamarekani huvichemsha na sukari hadi viwe rojo, halafu wakavilia na bata mzinga kwenye sikukuu yao ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Jozi nayo ni ile njugu yenye mikunjo kama ubongo. Ukiingia duka la viungo la Wahindi utaiona, na ukiuliza bei utairudisha.

Mimi sikuwa nimeonja hata kimoja kati ya hivyo. Lakini ukipika oda ukiwa chumba kimoja huku Mlaleo, mteja wa Shanzu humwambii "sijui". Nilimjibu, "Hakuna shida dada, hiyo ndiyo kazi yangu."

Hapo ndipo nilipojiingiza kwenye noma.

Shilingi 2,600 kwenye sufuria

Nilizunguka maduka matatu. Kranberi mbichi hakuna. Nilichopata ni pakiti mbili za zile kavu, na pakiti moja ya jozi. Jumla 2,600. Ukiangalia, hiyo ni zaidi ya nusu ya doo alizotuma, na kuku sijanunua bado.

Usiku nikafungua maelezo ya mapishi kwenye simu. Vikombe vitatu vya kranberi, kikombe kimoja cha sukari, kikombe kimoja cha maji, chemsha kama dakika 10. Nikafuata neno kwa neno. Jozi nikazitia mwanzo kabisa, nikidhani zitaiva vizuri.

Nilichotoa jikoni wallahi kilikuwa jamu ya mkate. Tamu ya kukata koo. Jozi zimelowa, zimekuwa kama mpira, na zimeacha uchungu fulani unaobaki nyuma ya ulimi.

Kosa lilikuwa langu, na nilikuja kulielewa baadaye. Yale maelezo yalikuwa ya kranberi mbichi. Kranberi kavu za pakiti kwa kawaida huwa zimeshatiwa sukari kiwandani, kwa sababu bila hiyo hazilikii. Nikaongeza sukari juu ya sukari. Na jozi ina ngozi nyembamba yenye uchungu. Ukiichemsha kwenye maji, uchungu unatoka na kuingia kwenye sosi. Yatakiwa ikaangwe kavu kwanza, halafu itiwe mwisho kabisa, sufuria ikiwa chini ya moto.

Nilisomea mapishi mihula mitatu kabla ya karo kunishinda. Darasani tulifundishwa sosi mama tano za Wafaransa, na mpaka leo naweza kukutajia zote hata ukiniamsha saa tisa usiku. Lakini hakuna aliyetueleza sosi inafanya kazi gani mdomoni. Hilo nililipata kwa mama wa viazi karai.

"Ukali uko wapi?"

Jirani yangu huuza viazi karai na bhajia jioni kando ya barabara. Foleni yake waijua kama umewahi kupita Mlaleo saa moja usiku. Asubuhi nikampelekea kijiko cha sosi yangu aonje.

Akalamba, akanitazama. "Mwanangu, hii ni jamu. Ukali uko wapi?"

Nikamweleza habari ya tunda la Marekani. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Hilo tunda huliwa na nini?"

"Na nyama. Bata mzinga."

"Basi ni ukwaju huo. Nyama ina mafuta, yataka kitu kikali cha kuyakata. Sisi twaweka ukwaju kwenye viazi kwa sababu gani? Kiazi kimetoka kwenye mafuta."

Ndiyo hesabu yote hiyo. Kitu kikali kukata mafuta, utamu kutuliza ukali, na njugu kuipa sosi uzito. Ukiangalia dunia utaona watu wengi wamefika hapo bila kuulizana. Wairani wana mchuzi unaoitwa fesenjan: jozi za kusagwa, rojo ya komamanga iliyo kali, na kuku au bata ndani yake. Hao ndio watu ambao majahazi yao yalikuwa yakifika pwani yetu karne nyingi zilizopita, na maneno kama pilau na biriani yana asili ya lugha yao.

Na ukwaju wenyewe una kituko chake. Waarabu waliuita tamr hindi, yaani tende ya India, na jina hilo ndilo Wazungu waligeuza kuwa tamarind. Lakini mkwaju ni mti wa asili wa Afrika. Uko Kilifi, uko Kitui, na ukienda soko la Kongowea utaukuta umefungwa mabonge. Jina ndilo la India, mti ni wa kwetu.

Kwa upande wa njugu, nikafikiria korosho. Mkorosho ndio mgeni hasa. Wareno waliuleta Afrika Mashariki kutoka Brazil karne ya 16. Leo ukienda Kilifi na Kwale watu wanauona kama mti wa babu zao, ingawa biashara yake imewasumbua. Kiwanda cha Kilifi kilichoanza miaka ya 1970 kilifungwa miaka ya 1990, na mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kuuza nje korosho ghafi ili zibanguliwe hapa nchini.

Kwa mpishi, korosho ina faida moja kubwa. Ina wanga mwingi kuliko njugu nyingi, kwa hivyo ukiisaga inafanya sosi kuwa nzito na laini bila kutia unga. Halafu huhitaji zile nzima nzima za kupigia picha. Nunua zilizovunjika, bei yake huwa chini, na hata hivyo waenda kuziponda.

Onyo moja: ukipewa korosho zenye maganda kutoka shamba, usizichome jikoni kwako. Ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi, na moshi wake unachoma macho na kifua. Nunua zilizobanguliwa.

Ujumbe uliookoa mtoto

Mchana ule nikapika ya ukwaju na korosho. Ilitoka fiti kiasi kwamba nilikaa chini nikaila na ubwabwa mtupu.

Sasa ikaja ile sauti. Mteja ameagiza kranberi na jozi. Hii ni kahawia, lakini nikitia maua makavu ya rozela, yale ya kutengenezea chai nyekundu, rangi itakaribia kabisa. Nani atajua? Rafiki yangu mmoja wa Changamwe, naye hupika oda za harusi, akaniambia kwenye simu, "Mazee, wewe peleka. Mteja hula kwa macho."

Nakiri nililifikiria. Kwa dakika kama 20 hivi. Kilichonizuia si ucha Mungu. Niliogopa tu kwamba mtu anayeijua kranberi ataonja, atagundua, na jina langu litaishia hapo. Nikaandika: "Dada, kranberi mbichi hazipatikani na zile kavu hazikutoka vizuri. Nimetengeneza sosi ya ukwaju na korosho badala yake. Kama hutaki, nakupunguzia bei."

Alama mbili za bluu zikatokea. Kimya. Nusu saa nzima.

Kisha akapiga simu. Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshtuka. Mtoto wake mdogo hali korosho. Jozi anakula bila shida, lakini korosho hata kidogo akiionja, midomo inafura na pumzi inambana. Mara ya mwisho ilibidi akimbizwe hospitalini.

Niliketi kitandani na simu mkononi. Ile sosi ingeenda Shanzu ikiitwa ya kranberi na jozi. Mama angemwekea mtoto wake kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe, bila wasiwasi, kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia ni jozi.

Baadaye nilisoma zaidi. Mtu anaweza kuwa na aleji ya njugu moja na asiwe nayo kwa nyingine. Korosho na pistachio ni jamaa wa karibu, kwa hivyo anayedhurika na moja mara nyingi hudhurika na nyingine. Jozi na pekani nazo ni jamaa. Mwili ukikataa, dalili zaweza kuanza ndani ya dakika chache: kuwashwa, kufura midomo na ulimi, kutapika, kukosa pumzi. Hapo hakuna kungoja ipite. Ni hospitali, mbio.

Sosi iliyokwenda Shanzu

Sosi ya korosho tuliila sisi na majirani. Ya mteja nikaanza upya, na sikutia njugu ya aina yoyote. Nilibadilisha sufuria, mwiko, kichujio na kitambaa, na meza nikaiosha kwa sabuni. Kuipa uzito nikatumia tende. Hii hapa, inatosha watu 15:

Chukua ukwaju gramu 250, loweka kwenye vikombe viwili vya maji moto kwa nusu saa. Ufinye kwa mikono, kisha uchuje utoe kokwa na nyuzi. Tende 10 zitoe kokwa, uziloweke, uzisage au uziponde ziwe laini.

Weka vyote kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu au chungu. Usitumie ile nyembamba ya alumini. Ukali wa ukwaju unaila, na ladha inakuwa kama umelamba sarafu. Huo ndio ukwaju ambao nyanya zetu waling'arishia vyombo vya shaba, kwa hivyo nguvu yake unaijua.

Tia vijiko vitatu vya sukari guru, punje tatu za kitunguu saumu zilizopondwa, tangawizi ya kiasi cha kidole gumba, kijiko kidogo cha jira, nusu kijiko kidogo cha chumvi, na pilipili kulingana na wageni wako. Moto mdogo, dakika 15, ukikoroga. Ukitaka wekundu, loweka rozela kidogo kwenye maji moto, utie yale maji. Chovya mwiko, upitishe kidole mgongoni mwake. Njia ikibaki wazi, epua. Ikipoa itazidi kuwa nzito, kwa hivyo usingoje igande motoni.

Onja na nyama, usionje peke yake. Hilo nalo nimefunzwa na mama wa viazi. Sosi ikiwa sawa kwenye kijiko, kwenye nyama huwa imepoa mno. Yatakiwa ikuzidi kidogo.

Wewe na wageni wako mkiwa hamna shida na njugu, kaanga korosho nusu kikombe bila mafuta hadi ziwe za dhahabu. Ponda nusu yake iwe unga uchanganye ndani ukishaepua, nyingine ukatekate unyunyizie juu. Usiichemshe tena, itashika chini.

Dada alilipa salio lote. Alisema mamake aliikomba bakuli kwa kipande cha mkate na kuuliza ni nani aliyempikia ukwaju wa zamani. Mtoto alikula kuku wake na sosi, akalala.

Faida yangu siku ile ilikuwa ndogo, zile 2,600 zilishaenda. Jamu ya kranberi bado nilikuwa napaka kwenye mkate hadi Januari. Lakini sosi ya ukwaju na tende sasa iko kwenye orodha yangu kwa jina lake, na viungo vyote nimeviandika chini yake. Na kabla ya kupokea pesa ya mtu yeyote, awe wa Likoni, Changamwe au Shanzu, namuuliza swali moja kwanza: kuna mtu nyumbani ambaye kuna chakula hali?