Uhalifu dhidi ya watoto mtandaoni: polisi walivuka mipaka, hukumu ikabaki nyumbani

Mwezi Machi 2018 polisi wa Korea Kusini, wakiwa pamoja na maofisa kutoka Marekani na Uingereza, waliingia katika nyumba moja ya kawaida nchini humo na kumkamata kijana aliyekuwa akiishi hapo. Katika nyumba hiyo walikuta seva iliyokuwa ikiendesha tovuti ya siri iitwayo Welcome to Video. Tovuti hiyo ilikuwa imefanya kazi tangu 2015, na biashara yake ilikuwa moja tu: video za watoto wakinyanyaswa kingono. Ndani ya mashine hiyo mlikuwa na takriban terabaiti 8 za data, yaani zaidi ya video 250,000 tofauti.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 16 Oktoba 2019, wizara ya sheria ya Marekani ilitangaza matokeo ya uchunguzi uliofuata. Watu 337 walikuwa wamekamatwa. Miongoni mwa nchi walimokamatwa ni Korea Kusini yenyewe, Marekani, Uingereza, Ujerumani, Hispania, Ireland, Jamhuri ya Czech, Kanada, Brazil, Australia, Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu. Idara ya Uingereza ya kupambana na uhalifu mkubwa, NCA, ilisema nchi zilizohusika zilifika 38. Watoto wasiopungua 23 waliokuwa bado wananyanyaswa na watumiaji wa tovuti hiyo waliokolewa nchini Marekani, Hispania na Uingereza.

Kesi hii hutajwa mara kwa mara kama kielelezo cha ushirikiano wa kimataifa, na sifa hiyo inastahili. Lakini ukiifuatilia hadi mwisho wake mahakamani, inafundisha jambo la pili ambalo halisemwi sana.

Tuanze na namna uchunguzi ulivyokwenda. Fununu za kwanza zilitoka Uingereza, ambako NCA ilikuwa ikimchunguza mhalifu mwingine kabisa. Welcome to Video ilijificha katika kile kinachoitwa mtandao wa giza, sehemu ya intaneti ambayo haifikiwi kwa njia za kawaida na ambamo mahali halisi pa seva hufichwa. Hata hivyo mwendeshaji wake hakuwa fundi hodari kama alivyojidhani. Hati ya mashtaka ya Marekani inaeleza kuwa ukurasa wa tovuti hiyo, kwa uzembe wake, ulikuwa ukitaja anwani halisi ya mtandao, nayo anwani ilielekeza moja kwa moja kwenye makazi yake.

Njia ya pili ilikuwa ya fedha, na hapa ndipo idara ya kodi ya Marekani ilipoingia, jambo linaloweza kumshangaza msomaji. Wateja walilipa kwa bitcoin, sarafu ya kidijitali ambayo wengi hudhani haina jina wala nyayo. Ukweli ni kinyume chake: kila muamala wa bitcoin huandikwa katika daftari la wazi ambalo halifutiki. Wapelelezi walifuata malipo kutoka kwa wateja hadi kwenye tovuti, kisha wakarudi nyuma hadi kwenye kampuni za kubadilishia sarafu, ambako wateja wengi walikuwa wamejiandikisha kwa majina na vitambulisho vyao. Orodha za majina ziligawanywa kwa nchi husika, na kila nchi ikaenda kubisha mlango wake. Hakuna polisi wa nchi moja ambaye angeweza kufanya kazi hiyo peke yake. Korea Kusini ilikuwa na seva, Marekani ilikuwa na wataalamu wa kufuatilia fedha, Uingereza ilikuwa na taarifa za awali, na watoto walikuwa katika nchi tofauti tofauti.

Katika video zilizokuwa zimechambuliwa hadi wakati wa tangazo, asilimia 45 zilikuwa na picha mpya, ambazo hazikuwa zimewahi kuonekana na mamlaka yoyote. Takwimu hii ina maana nzito kuliko idadi ya waliokamatwa. Picha ya zamani inaposambazwa upya humdhuru tena mtu ambaye huenda alishatambuliwa na kuokolewa miaka mingi iliyopita. Picha mpya ni dalili kwamba kuna mtoto mahali fulani ambaye hajulikani, na ambaye yumkini angali mikononi mwa anayemdhuru.

Kutofautisha picha mpya na ya zamani ni kazi inayofanywa kwa kompyuta. Mwaka 2009 kampuni ya Microsoft, ikishirikiana na mtaalamu Hany Farid wa chuo cha Dartmouth, ilitengeneza programu ya PhotoDNA, ambayo huipa kila picha alama ya kidijitali inayofanana kwa kazi yake na alama ya kidole. Picha inayojulikana ikipakiwa tena, hata ikiwa imepunguzwa ukubwa, alama yake hutambulika bila mtu kulazimika kuitazama. Sheria ya Marekani inazitaka kampuni za mtandao za nchi hiyo kuripoti zinachokibaini kwa kituo cha kitaifa cha watoto waliopotea na wanaonyonywa, NCMEC, ambacho kimekuwa kikipokea taarifa za namna hii tangu 1998. Mwaka 2023 pekee kilipokea ripoti zaidi ya milioni 36, na sehemu kubwa kabisa zilihusu watu walio nje ya Marekani. Kwa kuwa mitandao inayotumika Nairobi, Kigali au Bujumbura ni ile ile ya kampuni za Marekani, tukio la mtaani linaweza kwanza kujulikana ng'ambo ya bahari kabla ya kituo cha polisi cha jirani kulisikia.

Kumtambua mtoto asiyejulikana ni kazi ya macho ya binadamu. Interpol ina hazina ya kimataifa ya picha na video ambamo wapelelezi wa nchi mbalimbali hulinganisha walichokipata: tundu la umeme ukutani, lugha inayosikika kwa mbali, kitambaa cha kitanda, chapa ya sabuni. Mwaka 2007, kabla hazina hiyo haijafikia ukubwa wake wa sasa, wataalamu wa Ujerumani walifanikiwa kurejesha sura ya mwanamume aliyekuwa ameivuruga kwa kompyuta katika picha alizopiga na watoto huko Vietnam na Kambodia. Interpol ikatangaza sura hiyo hadharani, na baada ya siku chache alikamatwa Thailand. Tangu 2017 Europol nayo huchapisha picha za vitu tu, baada ya kumwondoa mtoto na kila kinachomhusu, na kuuliza umma: nani anaujua mfuko huu, nani ameliona shati hili? Swali la aina hiyo haliwezi kujibiwa na mtaalamu aliye The Hague ikiwa kitu chenyewe kinauzwa katika soko la Goma au Mwanza. Kwa sababu hiyo, nchi isiyokuwa na mpelelezi aliyeunganishwa na mfumo huu si kwamba haina kesi. Ina watoto ambao hakuna aliye na nafasi ya kuwatambua.

Hadi hapo ushirikiano ulifanya kazi. Ulikwama baada ya pingu kufungwa.

Mwendeshaji wa Welcome to Video, Son Jong-woo, alishtakiwa kwao Korea Kusini. Mahakama ya kwanza ilimpa kifungo cha nje. Mahakama ya rufaa ikabadili uamuzi huo mwezi Mei 2019 na kumhukumu kifungo cha miezi 18. Wakati huo huo, mmoja wa wateja wake nchini Marekani alihukumiwa miaka 15 gerezani, na mwingine nchini Uingereza, ambaye pia alipatikana na hatia ya kuwadhuru watoto moja kwa moja, alihukumiwa miaka 22. Mwenye duka alipewa adhabu nyepesi mara kumi kuliko mnunuzi, kwa sababu tu kila mmoja alisimama mbele ya sheria ya nchi yake.

Marekani, ambayo ilikuwa imemfungulia mashtaka yake, iliomba akabidhiwe. Baba yake mwenyewe akawasilisha malalamiko dhidi ya mwanawe nchini Korea kuhusu kuficha fedha za uhalifu, hatua iliyolenga kumfanya ashtakiwe nyumbani badala ya kupelekwa Washington. Tarehe 6 Julai 2020 Mahakama Kuu ya Seoul ilikataa kumkabidhi. Hoja kuu ya majaji ilikuwa kwamba kuwapo kwake nchini kungesaidia kuwachunguza Wakorea waliotumia tovuti hiyo, ambao walikuwa sehemu kubwa ya waliokamatwa. Aliachiwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa kifungo chake kilikuwa kimekwisha. Hasira za umma zilikuwa kubwa, na mamia ya maelfu ya raia walitia saini ombi la kumpinga mmoja wa majaji. Mwaka 2022 alihukumiwa miaka miwili kwa utakatishaji wa fedha.

Hoja ya mahakama haikuwa ya kipuuzi. Nchi yoyote inayojiheshimu hupenda kuwahukumu raia wake yenyewe. Tatizo ni kwamba sheria ya Korea Kusini wakati huo ilimtazama mwenye kumiliki picha hizi kama mkosaji mdogo, ambaye angeweza hata kutozwa faini na kwenda zake. Bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria mwaka 2020, kufuatia kashfa nyingine ya kutisha iliyojulikana kama Nth Room, na sasa kumiliki au kutazama picha hizo ni kosa lenye kifungo kisichopungua mwaka mmoja. Mabadiliko hayo yalikuja wakati mwendeshaji wa Welcome to Video alikuwa ameshamaliza kifungo chake.

Nchi za Afrika Mashariki na Maziwa Makuu zina sheria zake. Uganda ilipitisha sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta mwaka 2011, Tanzania sheria ya makosa ya mtandao mwaka 2015, Kenya na Rwanda zikafuata mwaka 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikapata kanuni yake ya masuala ya kidijitali mwaka 2023. Zile za Uganda, Tanzania na Kenya zinalitaja kosa hili kwa jina la ponografia ya watoto. Mashirika ya kulinda watoto yamekuwa yakishauri tangu 2016 kwamba jina hilo liachwe, kwa kuwa ponografia ni neno linalotumika pia kwa watu wazima waliokubali kupigwa picha, ilhali mtoto hawezi kukubali. Ushauri huo unaonekana kama ubishi wa maneno, lakini mpelelezi anayetafsiri ombi la msaada kutoka nchi nyingine anajua kuwa neno likitofautiana, kosa nalo linaweza kuonekana tofauti.

Suala hilo ndilo kiini cha kanuni inayoitwa uhalifu wa pande mbili. Nchi huombwa ushahidi au mtuhumiwa, na kabla ya kujibu huuliza: je, jambo hili ni kosa kwetu pia? Jibu likiwa hapana, ombi hukwama. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu usalama wa mtandao na ulinzi wa data binafsi, uliopitishwa Malabo mwaka 2014, unazitaka nchi wanachama kuharamisha utengenezaji, usambazaji na umiliki wa picha hizi. Ulihitaji nchi 15 kuuridhia, na ulichukua miaka tisa kufika hapo. Ulianza kutumika Juni 2023. Rwanda ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Hata hivyo mkataba huo unaihifadhi kanuni ya uhalifu wa pande mbili, na kwa nchi zisizo na makubaliano ya kusaidiana kisheria unatoa himizo tu kwamba ziyatafute.

Mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa dhidi ya uhalifu wa mtandao unakwenda mbali zaidi. Ulipitishwa na Baraza Kuu Desemba 2024 na kufunguliwa kwa kutiwa saini mjini Hanoi Oktoba 2025. Unataja waziwazi picha za unyanyasaji wa watoto pamoja na kumrubuni mtoto mtandaoni, na unazitaka nchi ziwe na ofisi inayopatikana saa 24 kila siku kwa maombi ya dharura. Utaanza kufanya kazi baada ya kuridhiwa na nchi 40. Watetezi wa haki za binadamu wameupinga kwa hofu kwamba mamlaka mapana ya kukusanya data yanaweza kugeuzwa dhidi ya waandishi wa habari na wakosoaji wa serikali. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa katika eneo ambalo sheria za mtandao zimewahi kutumika kuwakamata watu kwa maandishi yao.

Wakati mikataba ikisubiri saini, ripoti ya kwanza bado inaweza kutoka kwa mzazi, mwalimu au kijana aliyeona kitu kwenye simu. Nchini Kenya, Tanzania na Uganda namba 116 ni ya bure kwa ajili ya kutoa taarifa kuhusu mtoto aliye hatarini. Anayetoa taarifa asiisambaze picha au video kwa mtu mwingine, hata kwa nia ya kuonya kikundi cha WhatsApp, kwa sababu kusambaza ni kosa kisheria na humdhuru mtoto upya. Anachopaswa kuhifadhi ni jina la akaunti, kiungo cha ukurasa, namba ya simu ya mtumaji, pamoja na tarehe na saa. Vitu hivyo vinampa mpelelezi pa kuanzia, hata kama mwenye akaunti yuko bara jingine.