Sumu ya Amitriptilini: Kwa Nini Mashine ya Kusafisha Damu Si Kimbilio

Aliyemeza vidonge vingi vya sonona huko Kolo, wilayani Kondoa, yuko zaidi ya kilomita 150 kutoka mashine za kusafisha damu za Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ndugu hutaka akimbizwe huko moja kwa moja. Haraka yao ni ya haki. Mwelekeo ndio wenye hatari.

Amitriptilini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, haikai sana katika damu. Hushikamana na protini, kisha huzama katika mafuta, ubongo na msuli wa moyo. Mashine huchuja kilichomo ndani ya mishipa tu, nacho ni kidogo mno. Ni kama kuteka maji ambayo mchanga umekwisha kuyanywa. Ndiyo maana mwaka 2014 jopo la kimataifa la wataalamu wa sumu lilishauri njia hiyo isitumike kwa dawa za kundi hili. Litiamu, itumiwayo pia kwa maradhi ya hisia, ni kinyume chake: haishiki protini, na mashine huiondoa vizuri. Basi pakiti za dawa ziende pamoja na mgonjwa.

Kiuacho ni moyo. Sumu huziba njia za sodiamu, mapigo yakavurugika, presha ikashuka, degedege likafuata, mara nyingi ndani ya saa 6 za mwanzo. Saa hizo hazifai kumalizikia garini. Atokaye Kolo huufikia mji wa Kondoa kwanza, na hospitalini humo ndimo pa kuanzia: kulinda njia ya hewa, kupima umeme wa moyo, na wimbi la QRS likizidi milisekunde 100, kumpa sodiamu baikaboneti kwa mshipa, milimoli 1 hadi 2 kwa kila kilo, na kurudia kadiri kipimo kinavyoonyesha. Degedege hutulizwa kwa diazepamu, si fenitoini. Rufaa ifuate akiwa ametulia.

Nyumbani asitapishwe wala kunyweshwa maziwa (desturi ngumu kuiacha). Alazwe ubavu, aondolewe upesi.

Akipona, asiruhusiwe kabla ya kuulizwa, faraghani na bila karipio, kilichomfikisha hapo. Hospitali ya Mirembe ipo Dodoma kwa ajili hiyo, na dawa zake zitunzwe na nduguye, kwa kiasi cha siku chache.