Weimar Wakati wa Soko la Vitunguu: Mwongozo kwa Mgeni wa Marafiki Ujerumani

Kila mwaka, wikiendi ya pili ya Oktoba, mji wa Weimar ulioko katika jimbo la Thuringia, katikati ya Ujerumani, hufunga mitaa yake ya kale kwa magari na kuwaachia wakulima, wapishi, mafundi na wanamuziki. Sherehe hiyo huitwa Zwiebelmarkt, yaani Soko la Vitunguu. Huanza Ijumaa na kumalizika Jumapili, na katika siku hizo mji wenye wakazi wapatao 65,000 hupokea wageni wanaozidi idadi hiyo mara kadhaa. Anayekwenda Ujerumani kuwatembelea marafiki, akitaka kuona mambo ya nchi na kuonja vyakula vyake kwa safari moja, hapati wakati ulio bora kuliko huo. Sherehe, majumba ya kihistoria na meza ya mwenyeji vyote huwa karibu, na vingi hufikika kwa miguu.

Soko lenyewe

Kumbukumbu za maandishi zinalitaja soko hili tangu mwaka 1653, wakati huo likiwa soko la mifugo na vitunguu. Sababu ya kuwapo kwake ilikuwa majira ya baridi. Kuanzia Novemba ardhi huganda na mashamba hayatoi mboga, kwa hiyo kila kaya ilipaswa kujaza ghala mapema. Kitunguu kilichokaushwa vizuri na kutundikwa penye hewa hukaa miezi mingi bila kuoza, hutia ladha katika vyakula vya viazi na nafaka, na zamani kilitumika pia kama dawa ya nyumbani ya kikohozi na maumivu ya sikio. Wakulima wa vijiji vya kaskazini, hasa Heldrungen, walileta mizigo yao mjini, na wenyeji walinunua akiba ya kuwafikisha hadi majira ya kuchipua.

Tangu hapo Weimar imeishi chini ya watawala wa kifalme, jamhuri, udikteta wa Wanazi, serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki na, kuanzia 1990, Ujerumani iliyoungana. Soko limebaki. Leo hakuna anayetegemea misuko ya vitunguu ili avuke baridi, lakini familia nyingi za Thuringia bado hununua angalau mmoja na kuutundika jikoni. Heldrungen bado ndilo jina linalotajwa kwanza vitunguu vizuri vinapozungumzwa.

Msuko ndio alama ya soko. Vitunguu vidogo vya rangi ya dhahabu na vyekundu huchaguliwa kwa ukubwa unaolingana, vikakaushwa na mikia yake, kisha vikafungwa kimoja juu ya kingine kama nywele zinavyosukwa. Katikati yake huchomekwa maua makavu ya rangi za zambarau, njano na nyeupe. Ni kazi ya mikono, nayo hufundishwa ndani ya familia. Mnunuzi mzoefu hubonyeza kitunguu kuona kama ni kigumu, hutazama kama ganda la nje limekauka na kutoa mchakacho, na huepuka kilichoanza kuchipua. Msuko mzuri ukitundikwa mahali pakavu huliwa kuanzia chini kwenda juu, kitunguu kimoja kimoja.

Mabanda, ambayo ni ya kuhesabiwa kwa mamia, hutandazwa kuanzia uwanja wa Markt penye ukumbi wa mji hadi uwanja wa tamthilia na Frauenplan. Kando ya vitunguu huuzwa vyungu, vikapu, asali, jibini, sufu na mimea ya dawa. Kila mwaka huteuliwa Malkia wa Soko la Vitunguu, naye huuwakilisha mji wakati wa sherehe. Wenyeji wanaotaka vitunguu bora huwahi asubuhi, kabla umati haujajaa. Mchana na jioni huwa ni zamu ya muziki na chakula.

Vyakula vya kuonjwa

Chakula cha kwanza cha soko ni Zwiebelkuchen, mkate mpana wa vitunguu unaookwa kwenye sinia. Unga hukandwa kwa hamira na kutandazwa, kisha juu yake humiminwa vitunguu vingi vilivyolainishwa kwa moto mdogo, vikachanganywa na mayai, malai chachu na mbegu za kisibiti. Kisibiti kina harufu inayoendana na vitunguu, tena Wajerumani hukiamini kwa kupunguza gesi tumboni. Mkate huo huliwa ukiwa moto. Wengi huuteremsha kwa Federweißer, maji ya zabibu yaliyokwisha kuanza kuchachuka lakini hayajawa divai kamili. Kinywaji hicho hupatikana majira ya vuli tu, na chupa yake haizibwi sawasawa kwa kuwa gesi inayoendelea kutoka ingeipasua. Ni kitamu na chenye sukari, lakini kina kileo.

Cha pili ni soseji ya Thuringia, Thüringer Rostbratwurst. Hesabu za nyumba ya watawa ya Arnstadt za mwaka 1404 tayari zinataja utumbo ulionunuliwa kwa ajili ya soseji za kuchoma, na leo jina hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya. Soseji hiyo ni nyembamba, ina urefu wa sentimita 15 hadi 20, hutiwa marijoramu, kisibiti na kitunguu saumu, huchomwa juu ya mkaa na kuliwa ndani ya mkate mdogo kwa haradali.

Cha tatu hupatikana zaidi mezani kuliko barabarani. Ni Klöße, matonge ya viazi yanayopikwa Jumapili. Sehemu kubwa ya viazi hukunwa vikiwa vibichi na kukamuliwa maji, sehemu ndogo huchemshwa na kupondwa, kisha vyote huchanganywa vikiwa moto na kufinyangwa. Katikati ya kila tonge huwekwa vipande vya mkate vilivyokaangwa. Huliwa na nyama ya kuoka, kabichi nyekundu na mchuzi mwingi. Mlaji wa ugali ataelewa mara moja kazi ya tonge hilo mbele ya mchuzi.

Mgeni Mwislamu, au yeyote asiyekula nguruwe, anahitaji uangalifu. Soseji nyingi za Thuringia zina nyama ya nguruwe, na mkate wa vitunguu mara nyingi hutiwa vipande vya nyama hiyo iliyotiwa chumvi. Iko pia mikate isiyo na nyama, na muuzaji akiulizwa hujibu wazi. Kumweleza mwenyeji jambo hili kabla ya safari si utovu wa adabu. Wajerumani wamezoea kuwauliza wageni wao wasichokula, na hupendelea kujua mapema kuliko kuona sahani imeachwa.

Vinywaji vya sherehe hutolewa kwenye vikombe vya kudumu, na mnunuzi hulipa amana ya euro chache ambayo hurudishiwa akirejesha kikombe. Noti ndogo na sarafu ni vya lazima, kwa kuwa si kila banda linapokea kadi.

Mji wa washairi na mafundi

Weimar ni mdogo, lakini urithi wake ni mkubwa. Johann Wolfgang von Goethe alifika mwaka 1775 na kukaa hadi kifo chake mwaka 1832. Nyumba yake ya Frauenplan, alikoishi karibu miaka 50, ni makumbusho yenye maktaba yake na chumba alichofia. Friedrich Schiller aliishi mtaa wa jirani hadi alipofariki mwaka 1805. Sanamu ya wawili hao wakiwa wamesimama pamoja, iliyozinduliwa mwaka 1857, iko mbele ya jengo la tamthilia. Ndani ya jengo hilohilo, mwaka 1919, bunge la kitaifa liliandika katiba ya jamhuri ya kwanza ya Ujerumani, na ndiyo sababu kipindi hicho huitwa Jamhuri ya Weimar.

Msomaji wa ushairi wa Kiajemi na Kiarabu ana la kuona Beethovenplatz. Hapo kuna viti viwili vya mawe vinavyotazamana, vilivyowekwa mwaka 2000 kwa heshima ya Goethe na Hafidh wa Shiraz, mshairi aliyemsukuma Goethe kuandika diwani yake ya mwaka 1819.

Maktaba ya Duchess Anna Amalia inajulikana kwa ukumbi wake mweupe wenye nakshi za dhahabu. Usiku wa tarehe 2 Septemba 2004 moto uliteketeza vitabu vipatavyo 50,000 na kuharibu vingine 62,000. Ukumbi ulifunguliwa tena mwaka 2007, na mafundi waliendelea kutibu kurasa zilizoungua moja moja. Idadi ya wanaoingia kwa siku ina kikomo, hivyo tiketi hukatwa mapema.

Mwaka 1919 Walter Gropius alianzisha mjini hapa shule ya Bauhaus, iliyowaweka msanii na fundi chini ya paa moja na kubadili sura ya majengo, samani na vyombo duniani kote. Ilihamia Dessau mwaka 1925. Makumbusho yake mapya yalifunguliwa Weimar mwaka 2019. Majengo ya Bauhaus na yale ya enzi za Goethe yako katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Juu ya kilima cha Ettersberg, kilomita kama 8 kutoka katikati ya mji, iko Buchenwald, kambi ya mateso ya Wanazi iliyodumu kuanzia 1937 hadi Aprili 1945. Watu wapatao 280,000 walifungwa hapo na katika kambi zake ndogo, na takriban 56,000 walikufa. Mabasi ya mji hufika huko, na eneo la kumbukumbu linafaa kupewa nusu siku kamili, mbali na siku ya sherehe. Kwa msemaji wa Kiswahili historia hiyo haiko mbali. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari katika jeshi la kikoloni la Wajerumani na baadaye akasaidia kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu cha Berlin, alifia mwaka 1944 katika kambi nyingine, Sachsenhausen, karibu na Berlin.

Adabu za nyumba ya mwenyeji

Mjerumani akisema chakula ni saa kumi na mbili na nusu, ana maana hiyohiyo, na mgeni anayechelewa hutarajiwa kutoa taarifa. Kutokea nyumbani kwa mtu bila kumjulisha si kawaida. Katika nyumba nyingi viatu huvuliwa mlangoni. Mlo wa jioni mara nyingi ni mkate, jibini, nyama baridi na kachumbari ya matango, na anayezoea chakula cha moto asidhani amepunguziwa heshima. Alasiri ya Jumapili, kati ya saa tisa na saa kumi, ni wakati wa kahawa na keki, na kualikwa katika kikao hicho ni dalili ya ukaribu. Maduka mengi hufungwa Jumapili, na kelele za kazi huepukwa ili majirani wapumzike.

Zawadi ndogo hupokewa kwa furaha. Kahawa, majani ya chai, korosho na viungo vikavu vinafaa. Nyama na maziwa, pamoja na vyakula vitokanavyo navyo, haviruhusiwi kuingizwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya katika mizigo ya abiria. Matunda mabichi mengi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache yakiwemo nanasi, nazi, ndizi na tende.

Karatasi na njia

Raia wa nchi za Afrika Mashariki na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kipindi cha siku 180. Ada yake kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Huhitajika pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka Ulaya, bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, uthibitisho wa fedha na vielelezo vya kazi au familia vinavyoonyesha kuwa msafiri atarudi kwao. Mwenyeji huandika barua ya mwaliko. Akitaka kubeba gharama za mgeni, huenda katika ofisi ya wageni ya mji wake, huonyesha kipato chake na kutia saini ahadi rasmi iitwayo Verpflichtungserklärung. Ahadi hiyo ina nguvu ya kisheria: gharama zikitokea, serikali inaweza kumdai yeye. Mgeni aichukue kwa uzito huohuo.

Treni za mwendo kasi kutoka Berlin hufika Erfurt, mji mkuu wa Thuringia, kwa muda usiofika saa mbili, na kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt kwa takriban saa mbili na nusu. Toka Erfurt hadi Weimar ni kama dakika 15 kwa treni ya kawaida. Kundi la watu hadi watano linaweza kutumia tiketi moja ya jimbo kwa siku nzima katika treni za kawaida, na bei kwa kila mtu hushuka sana. Oktoba Weimar huwa na baridi ya kati ya nyuzi 5 na 15, pamoja na mvua za rasharasha, kwa hiyo koti, viatu visivyopitisha maji na sweta ni lazima. Saa za Ujerumani wakati huo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja.

Anayelenga soko la Oktoba huanza kupanga mapema. Ombi la viza hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15, lakini miadi ya ubalozini hujaa, kwa hiyo Juni na Julai ni wakati salama. Agosti hukatwa tiketi za ndege na za maktaba. Hoteli za Weimar hujaa mapema kwa wikiendi hiyo, na wenye marafiki Erfurt au Jena hulala huko na kuja kwa treni. Siku tano zinatosha: moja ya kupumzika na familia ya mwenyeji, mbili za soko, moja ya makumbusho na moja ya Buchenwald.