Kikombe Kinachong'aa

Wavuvi wa mwambao wa Burundi, tangu Bugarama hadi Rumonge, huvua usiku kwa taa na kurejea nchi kavu alfajiri. Hapo hutaka chai ya moto. Muuzaji huchukua kikombe kilichoachwa na mteja aliyetangulia, hukichovya katika beseni, hukipangusa kwa kitambaa, kisha humimina. Kikombe kinang'aa na mnywaji hana shaka. Lakini je, maji ya beseni lile yamekwisha kuosha vikombe vya watu wangapi tangu kupambazuke?

Swali hilo si dogo kando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kiliingia katika nchi za Maziwa Makuu mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo hakijaacha kurudi. Mwezi Januari 2023 Serikali ya Burundi ilitangaza mlipuko mwingine.

Jicho haliwezi kuamua usafi. Mwaka 1908 Alvin Davison, mwalimu wa elimu ya viumbe katika chuo cha Lafayette huko Marekani, alichukua bilauri iliyotumiwa na wanafunzi kwa siku tisa, akaivunja na kuitazama kwa hadubini. Alikadiria kuwa ilibeba zaidi ya vipande 20,000 vya ngozi ya midomo, na kipande kimoja kiliweza kung'ang'aniwa na vijidudu 150! Mwaka uliofuata, jimbo la Kansas lilipiga marufuku kikombe cha shirika katika magari moshi na mashuleni.

Siku hizi mpimaji havunji chombo. Hulowesha pamba iliyofungwa kijitini kwa maji yasiyo na vijidudu, akaipitisha ukingoni mwa kikombe, ndani na nje, kisha akaipaka juu ya kisahani chenye rojo la mwani. Kisahani huwekwa katika joto la nyuzi 37 kwa siku moja au mbili. Kila kijidudu kilichopona huzaana mpaka kuwa doa linaloonekana, na madoa hayo ndiyo huhesabiwa.

Hata hivyo, wingi peke yake si hoja. Vijidudu vingi vya kawaida vya kinywani havimdhuru mtu mzima. Vichache vya kinyesi vyaweza kumlaza kitandani. Kwa hiyo hutafutwa ekoli, kijidudu kiishicho utumboni. Kikionekana kikombeni, uchafu wa choo umekwisha kufika hapo kwa mikono au kwa maji. Kipindupindu nacho hupimwa kwa rojo lake maalumu, ambamo huota madoa ya manjano.

Mama mwenye kibanda hana haja ya kungoja maabara. Sabuni, kisha maji safi yaliyochemshwa na kumiminwa juu ya kikombe badala ya kukichovya, huondoa sehemu kubwa ya hatari. Baada ya hapo kikombe kifudikizwe juani kwenye kichanja, kwani kijidudu cha kipindupindu hakistahimili ukavu. Kitambaa kibichi ni afadhali kiachwe kabisa: kikipimwa kwa pamba ileile, mara nyingi hukutwa na vijidudu vingi kuliko kikombe chenyewe.