Mnana Juu, Mbwa Chini

Mvua za masika zinapoanza, miti iliyomo katika nyua za Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai, hujaa kelele. Hao ni ndege wa manjano aitwao mnana, wakisuka viota kwa majani mabichi. Dume ndiye fundi. Jike huja kukagua, na nyumba isiyompendeza huikataa.

Chini ya mti, mbwa hutazama tu, masikio juu. Tangu mayai yatagwe hadi makinda yaote mbawa hupita mwezi mmoja hivi. Hatari huja siku kinda linapojaribu kuruka, likaangukia uani.

Mwenye nyumba afanyeje? Kwanza amfunge mbwa. Kinda lililokwisha ota manyoya liwekwe juu ya tawi la karibu, na wazazi wake watalifuata kulilisha. Si kweli kwamba ndege humkana mwanawe kwa kuwa ameguswa na mtu.

Siku chache za kamba hazimdhuru mbwa. Tena, ndugu msomaji, zina faida: makinda hayo hulishwa wadudu, wakiwemo viwavi watafunao mboga zako.