Hulka ya Binadamu (Sehemu ya 4): Shaftesbury na Uzuri wa Tendo Jema

Wema una uzuri wake, na moyo wa binadamu umeumbwa kuutambua kama sikio linavyotambua sauti zilizopatana. Huo ndio msingi wa mafundisho ya Anthony Ashley Cooper, Lodi wa tatu wa Shaftesbury (1671–1713), Mwingereza aliyempinga Hobbes na dai lake, lililochambuliwa katika sehemu zilizotangulia, kwamba mtu husukumwa na hofu na maslahi yake. Mafundisho hayo yanafaa kurejewa wakati huu ambapo mjadala wa watu wanaojirekodi wakigawa unga na mafuta kwa maskini umepamba moto tena.

Babu yake Shaftesbury, kinara wa upinzani enzi za Mfalme Charles II, alimkabidhi mwanafalsafa John Locke malezi ya mjukuu huyo. Locke naye akamtafuta Elizabeth Birch, binti wa mwalimu, aliyezungumza Kigiriki na Kilatini kwa ufasaha. Birch hakumkaririsha mtoto kanuni za sarufi; aliongea naye lugha hizo nyumbani, na mtoto alipofika miaka 11 alikuwa akizisoma zote mbili bila taabu. Vitabu vingi humpa mwanamke huyu mistari miwili tu, naye anastahili sura nzima. Mtoto aliyeingia katika fikra za Wagiriki kwa mlango wa mazungumzo ndiye aliyekuja kushikilia kwamba hisi ya wema huzaliwa na mtu, lakini hukomaa kwa malezi na mazoezi, sawasawa na uwezo wa kufurahia uchoraji mzuri. Hata kitabu chake The Moralists cha 1709 alikiandika kwa mtindo wa marafiki wanaozungumza. Wanaosomesha watoto mambo mazito kwa lugha wasiyoisikia nyumbani wangemtafakari Birch.

Babu alifia uhamishoni Amsterdam mwaka 1683, na mjukuu akapelekwa shule ya Winchester, ambako wenzake walimwandama kwa sababu ya siasa za babu huyo. Aliyeonja ukatili wa namna hiyo angeweza kumwamini Hobbes kwa urahisi. Hakumwamini.

Hoja yake ilitoka kwanza mwaka 1699, mwandishi John Toland alipoichapisha bila idhini yake, kisha Shaftesbury mwenyewe akaisahihisha na kuiingiza katika Characteristics, juzuu tatu za mwaka 1711. Huruma, urafiki na mapenzi ya mzazi kwa mwana ni vya asili kwa binadamu kama ilivyo njaa. Fadhila huanza pale mtu anapoitazama misukumo ya moyo wake mwenyewe na kuupenda ule unaopatana na heri ya wote. Anayetenda mema kwa kuogopa adhabu au kutamani ujira hana fadhila, kama vile chui milia aliyefungwa minyororo asivyokuwa mpole. Alikubali kwamba tumaini na hofu humsaidia aliye dhaifu, lakini alikataa kuviita wema. Hapo ndipo alipowaudhi wengi katika watu wa dini.

Upinzani mkali ulitoka kwa daktari Bernard Mandeville, Mholanzi aliyehamia London. Katika toleo la 1723 la The Fable of the Bees alimshambulia Shaftesbury kwa jina, akidai kwamba majivuno yamejenga hospitali nyingi kuliko fadhila. Mwaka huohuo baraza la mashtaka la Middlesex lilikishtaki kitabu hicho kuwa kero kwa umma. Hoja, hata hivyo, haishindwi kwa mashtaka.

Aliyeijibu ni Francis Hutcheson, mzaliwa wa Ireland, katika kitabu chake cha 1725 kuhusu uzuri na fadhila. Ikiwa faida ndiyo kipimo pekee, aliuliza, mbona shamba lenye rutuba na rafiki mkarimu havitupi hisia moja, ilhali vyote hutunufaisha? Na mbona tunampenda mtu mwema wa nchi ya mbali, aliyekufa zamani, ambaye hatupati chochote kwake? Hakuna jibu la Mandeville linalolitosha swali hilo.

Kwa mizani hiyo, unga uliotolewa mbele ya kamera unamshibisha mwenye njaa, na hakuna haja ya kuuzuia. Ila kama usingetolewa bila kamera, basi ni ria iliyovaa nguo ya huruma, na anayeilipia kwa fedheha ni mpokeaji. Walau sura yake ifichwe.

Hutcheson alianza kufundisha Glasgow mwaka 1730, akiwa miongoni mwa wa kwanza huko kuacha Kilatini na kusomesha kwa Kiingereza. Kati ya waliomsikiliza darasani alikuwamo kijana Adam Smith, ambaye kitabu chake cha maadili cha mwaka 1759 kitachukuliwa katika sehemu ijayo.